Pangaboi Lililosimama

Alhamisi, 3 Julai

Lapwing, ile ndege ya zamani ya kivita, imefika uwanja wa ndege wa Stapleby! Imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria mpya. Miaka kumi na minne wameifufua bandani, na sasa ndiyo pekee ya aina yake inayoruka. Na mimi, Cedric Mumby, mstaafu wa ofisi ya ramani, ndiye nitakayeipiga picha itakayotwaa Kikombe cha Marchbanks mwaka huu, kile cha chama chetu cha wapiga picha za ndege na wakusanyaji wa namba zake. Roland Stennett amekitwaa miaka minane mfululizo. Hukiweka dirishani kwake kikiangalia barabara, ili nikienda kununua maziwa nikione. Huyo si mwanachama mwenzangu. Huyo ni jino bovu.

Leo mbinu ya kwanza: namba. Ile iliyoandikwa ubavuni si yake. Ni ya ndege nyingine iliyopotea vitani, wameipaka kwa heshima. Wajinga wote chamani wataiandika daftarini na kuipigia mstari mwekundu. Namba halisi iko kwenye kibati kidogo chini ya kiti cha rubani. Nikavaa koti la njano, nikashika ubao wa kuandikia, nikaingia bandani kama mkaguzi wa vizima-moto. Nikapanda bawa. Nikateleza. Nikaning'inia kwa mkanda wa suruali.

Aliyeninasua ni rubani mwenyewe, Hugh Carrick. Hakukasirika. Aliniketisha kwenye kiti chake, akanimulikia tochi nikasoma kibati mara tatu, kisha akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Aliniuliza kama nimeumia. Halafu akasema, "Cedric, ungeniomba tu."

Mtu mwema, lakini hajui ushindani. Kabla ya kuondoka nikafungua ngazi yangu ya kukunja mbele ya pua ya Lapwing, nikaipiga picha mia moja na nne ikiwa imeegeshwa. Roland hakuwepo. Safi sana.

Ijumaa, 4 Julai

Nimejikumbusha sheria kuu ya chama. Ndege ya pangaboi ikiwa angani, pangaboi la puani lionekane linazunguka, ukungu mwembamba wa duara. Ukiharakisha kamera mno, mapanga yanaganda, na ndege inaonekana kama imetundikwa kwa uzi. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Ainsley, yule mwoka mikate, alileta picha ya namna hiyo mara moja tu. Roland akamuuliza mbele ya watu kama rubani alikuwa ameshuka kwenda chooni. Ainsley sasa anakusanya stempu.

Kwa hiyo nimeliweka gurudumu la kasi la kamera kwenye kasi ndogo, mia moja na sitini, yaani sehemu moja ya mia na sitini ya sekunde, nikalizungushia mkanda wa gundi mweusi. Halisogei hata kwa nyundo.

Mbinu ya pili: mahali. Kesho kwenye maonyesho ya ndege wenzangu wote watapangana kwenye uzio na jua usoni. Mimi nitakuwa nje ya uwanja, shambani kwa mkulima Thirkell, juu ya lundo la samadi, jua likiwa mgongoni. Lapwing ikigeuka itapita juu yangu. Nimemhonga Thirkell kwa keki ya matunda ya dada yangu Muriel. Naishi kwa Muriel tangu mke wangu aliposema nichague kati yake na ndege.

Muriel ameuliza keki iko wapi. Nimemwambia panya.

Jumamosi, 5 Julai

Mvua asubuhi. Samadi ikalegea. Ngazi ilizama mpaka kidato cha pili, nami nikazama nayo. Ng'ombe kumi na mmoja wakanizunguka kunitazama.

Nilivua masikioni mashine zangu za kunisaidia kusikia mapema, maana jeti zikipita hupiga mluzi mpaka meno yanauma. Dunia ikanyamaza. Raha tupu.

Saa tisa kasorobo Lapwing ikaja. Chini kuliko nilivyotarajia, chini sana, na moja kwa moja juu yangu! Nikabonyeza mara moja. Ikapita, ikazama nyuma ya miti ya Thirkell. Nikainama kutazama kioo cha kamera. Picha ya maisha yangu! Kila ribiti ya bati lake inahesabika. Hata kofia ya Hugh inaonekana.

Na pangaboi limeganda.

Mapanga yote mawili, wazi, yamesimama kama kibao cha njia panda. Nilipiga ukelele ambao sikuusikia mwenyewe, lakini ng'ombe waliusikia. Mkanda umeteleza! Laana ya mkanda! Nyuma ya miti moshi mweusi ukapanda. Nikadhani ni yale maonyesho yao ya mabomu ya kuigiza. Sikuwa na hamu ya kutazama mabomu ya kuigiza. Nikachomoa ngazi, nikaenda nyumbani kwa miguu ninanuka.

Lakini Mumby hashindwi na mkanda. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta, nikayafuta mapanga taratibu na kuyageuza ukungu wa duara. Mazuri kuliko ya Mungu mwenyewe. Nikaihifadhi juu ya ile ya kwanza, isibaki nakala. Kadi ya kamera nikaisafisha, kisha nikaijaza picha mia nne za paka wa Muriel, ili hata mtaalamu asifukue kitu. Mwisho wa kupokea picha za Kikombe ni kesho adhuhuri.

Jumapili, 6 Julai

Muriel alikuwa ameshika gazeti, hakuwa amekunywa chai yake. Akaniuliza kama nilimfahamu mtu anayeitwa Carrick.

Lapwing iligonga tuta la reli nyuma ya shamba la Thirkell. Ikaungua yote. Hugh amekufa palepale.

Nilikaa na kipande cha mkate mdomoni mpaka kikalowa. Kisha nililia. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: nililia kama mtoto, na Muriel, ambaye hanigusi, alinishika bega.

Saa nzima baadaye wazo likaja lenyewe, sikuliita. Yangu ndiyo picha ya mwisho ya Lapwing. Hakuna mwingine mwenye picha ile. Nikaoga. Nikaituma saa sita kasoro dakika ishirini, jina lake "Mzunguko wa Mwisho". Ni kwa ajili ya kumuenzi Hugh.

Jumanne, 8 Julai

Dukani. Foleni ndefu, wote wanaongelea jambo moja. Mama wa posta anasema Hugh alikuwa anaringa, alishuka chini ili ashangiliwe. Thirkell anasema mzee wa miaka hamsini na nane hana haki ya kucheza na roho yake namna ile. Mwingine akasema afadhali hakuangukia watoto. Ndipo nikaona mbele yetu, amesimama na kikapu chenye mayai sita, Gwenda Carrick, mke wa Hugh. Alilipa, akatoka bila kugeuka. Mayai aliyasahau.

Mlangoni pamebandikwa tangazo la wachunguzi wa ajali. Wanataka picha zote za Lapwing, zisizoguswa. Nikasoma mpaka chini. Sauti ya injini hakuna aliyeisikia vizuri, kwa sababu wakati uleule jeti ilikuwa imeshawashwa uwanjani. Pangaboi la Lapwing lilikuwa la mbao, na limebaki majivu. Wanachotaka kujua ni kama injini ilikuwa inafanya kazi Lapwing ilipogeuka.

Nikarudi nyumbani polepole. Nikaitoa kamera kwenye mkoba.

Mkanda haukuteleza. Uko palepale nilipoufunga, umekaza, na gurudumu liko kwenye mia moja na sitini. Kwa kasi hiyo pangaboi linalozunguka haliwezi kuganda. Haliwezi kabisa. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita.

Lilikuwa limesimama kweli. Injini ilikufa juu ya kichwa changu, nami nikiwa bila masikio. Nikaketi kwenye ngazi za nyumba mpaka Muriel alipotaka kupita na nguo za kufua.

Alhamisi, 10 Julai

Sijalala siku mbili. Nimepima njia zote.

Njia ya kwanza: kusema kweli. Kanuni ya kumi ya chama iko wazi. Anayebadilisha picha anafutwa kwenye kitabu cha chama, jina na picha zake zote. Miaka ishirini na sita ya namba zangu! Na Roland akiwa katibu, ndiye atakayeshika kalamu.

Njia ya pili: kukaa kimya. Nimeijaribu tangu Jumanne. Chakula hakishuki.

Njia ya tatu nimeipata bafuni. Nitaurudisha ukweli mahali pake! Pangaboi lilikuwa limesimama, basi nitalisimamisha tena. Kuchora kitu kilichokuwepo si uongo, ni ukarabati. Wale waliojenga Lapwing upya walifanya nini kingine? Nimechukua mapanga na kile kitovu cha chuma kutoka kwenye moja ya picha zangu za Alhamisi iliyopita, Lapwing ikiwa imeegeshwa, nikayainamisha kidogo, nikayapachika. Kazi ya saa kumi na moja. Hata Hugh asingetofautisha.

Nimeituma kwa mchunguzi, Bi. Achurch, pamoja na barua kwamba hivi ndivyo ilivyotoka kwenye kamera. Jina la Hugh litasafishwa, kitabu changu kitabaki, na wachunguzi hawasomi jarida la chama. Usiku huu nimekula viazi vitatu.

Jumamosi, 12 Julai

NIMESHINDA!

Mwamuzi alisimama, akasema hajawahi kuona pangaboi lenye uhai kama lile. Roland alinipa mkono kwa vidole viwili. Kikombe ni kizito kuliko nilivyodhani, na ndani kina nondo waliokufa. Nimekiweka dirishani, kikiangalia barabara.

Jambo dogo. Gazeti la wilaya limeichapa picha ile ukurasa wa mbele, na chini yake wameandika kwamba pangaboi lilionekana likizunguka vizuri sekunde chache kabla ya Lapwing kuanguka. Katika duka la magazeti mtu alisema, basi, imejulikana sasa, hapakuwa na ubovu, ni majivuno tu.

Sikulifikiria hilo. Ila ile picha ya pili iko kwa Bi. Achurch, na yeye ndiye anayeamua. Maneno ya dukani hayaendi mahakamani.

Alhamisi, 17 Julai

Bi. Achurch amekuja. Mwanamke mfupi, viatu vya matope, sauti ya chini. Alikataa biskuti. Akaweka picha mbili mezani kwa Muriel, ubavu kwa ubavu: ile ya gazetini, na ile niliyomtumia. Aliniuliza ipi ni ya kwanza. Nikamwambia ya pili. Akaniuliza nani alichezea ile nyingine. Nikasema labda wachapaji.

Hapo akatoa kioo cha kukuzia. Akakiweka juu ya kitovu cha pangaboi, kile cha chuma kilichong'arishwa mpaka kikawa kama kioo cha kunyolea, akanisogezea.

"Bwana Mumby, huyu aliyesimama kwenye ngazi ni nani, futi mia mbili angani?"

Nikatazama. Koti la njano. Ngazi. Kamera usoni. Nikasema huenda ni wingu. Muriel, aliyekuwa mlangoni na birika, akasema, "Ni wewe, Cedric. Hata tumbo ni lako."

Nikasema yote. Samadi, mkanda, ukungu, paka, kila kitu. Nilisema kwa haraka, nikalia tena. Bi. Achurch aliandika kurasa nne, akanisomea nilichosema, nikasaini. Kisha akasema picha zote mbili zinatolewa kwenye ushahidi.

Nikamuuliza, na pangaboi je? Kwa maana lilikuwa limesimama, nilimwambia, hilo ni kweli kuliko yote.

"Inawezekana kabisa ni kweli," akasema. "Lakini umeniletea kweli tatu, picha mbili na maelezo ya leo, Bwana Mumby, na kila moja ina sura yake. Nimwambie nani ipi?"

Alipokuwa anavaa koti aliniambia jambo moja ambalo halikuwa lazima aniambie. Kama injini ilikufa kabla ya kugeuka, basi Hugh aliigeuza Lapwing iliyokufa kuelekea shambani ili kuwakwepa watu elfu sita kwenye uzio. Picha moja ambayo haijaguswa ingelionyesha hilo.

Jumatatu, 21 Julai

Kikao cha dharura cha chama. Dakika saba. Nimefutwa. Roland alisoma kanuni ya kumi kwa sauti ya kanisani, akalipiga mstari jina langu kwa rula. Kikombe amekichukua yeye, nondo wake wakiwemo.

Niliwaambia wote kwamba pangaboi lilikuwa limesimama. Walicheka. Mmoja akauliza kama rubani alikuwa ameshuka kwenda chooni, halafu akakumbuka ni Hugh, akavua kofia.

Nje, Roland alinifuata mpaka kwenye baiskeli yangu. Nikajiandaa. Lakini hakutukana. Aliniambia mimi ni mwongo, mjinga, na kwamba nanuka samadi mpaka leo. Halafu, akiangalia pembeni: "Ila miaka ishirini na sita sijaona umekosea kasi ya kamera hata siku moja. Ndicho kitu pekee unachokijua. Nimemwambia Gwenda hivyohivyo."

Akaondoka. Sijui nimchukieje sasa. Itabidi nitafute njia.

Jumatano, 23 Julai

Gwenda Carrick amekuja. Muriel akatoka jikoni bila kuambiwa.

Amekonda. Alikaa bila kuvua koti. Nilianza kueleza, akainua mkono. Hakutaka habari za samadi. Aliniuliza swali moja tu, kama lilikuwa limesimama. Nikamwambia ndiyo, lilikuwa limesimama. Akaniuliza tena. Nikamwambia tena. Akafungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja.

Akasema taarifa ya ajali inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kama ilivyo sasa, itaandikwa kosa la rubani, na hivyo ndivyo itakavyosomwa mbele ya mama yake Hugh, ambaye ana miaka themanini na tisa na bado anaweka sahani ya mwanawe mezani. Bi. Achurch amekubali kupokea karatasi moja zaidi kutoka kwangu. Ikiwa fupi, ikiwa haigongani na niliyokwisha kusaini, itawekwa kwenye jalada na itapimwa. Hakuahidi zaidi.

Mlangoni alinishika mkono wa koti.

"Andika ulichokiona kwenye kamera yako, baba. Hicho tu. Usiniongezee kitu, nakuomba. Kitu kimoja ukiongeza, nimempoteza mara ya pili."

Nikamwapia. Nikaapa kwa roho ya mama yangu, na nilimaanisha kila neno.

Alhamisi, 31 Julai

Mwisho ni kesho. Nimeandika.

"Mimi, Cedric Mumby, tarehe 5 Julai, saa tisa kasorobo, niliipiga picha ndege ya Lapwing kutoka shambani kwa Thirkell. Kamera ilikuwa kwenye kasi ya mia moja na sitini. Kwenye picha hiyo kabla sijaigusa, pangaboi lilikuwa limesimama. Picha niliiharibu mwenyewe."

Sentensi nne. Nimezisoma mara ishirini. Hakuna mbinu ndani yake. Muriel alizisoma akasema ndilo jambo la kwanza la maana nililowahi kuliandika, akanikatia kipande cha keki mwenyewe. Nikatia bahasha. Nikatembea hadi kwenye sanduku la posta, nikasimama mbele yake, bahasha mkononi.

Ikanijia ilivyo nyembamba.

Sentensi nne! Za mtu ambaye hata chama chake kimemfuta! Mtu mmoja si shahidi, ni uvumi. Bi. Achurch ataitazama, ataiweka chini ya rundo, na Hugh maskini atabaki mwenye majivuno milele. Sikumwapia Gwenda kumwachia mume wake azame. Sentensi zangu sitaziongeza hata nukta, kiapo ni kiapo. Lakini kuongeza shahidi si kuongeza neno. Ikiwa watu wawili walikuwa kwenye lundo lile, na wa pili ni mwanamke mtu mzima, mwenye heshima, anayepiga kinanda kanisani, nani atabisha?

Nimerudi nyumbani mbio. Nimeandika mstari wa chini: "Nami nilikuwa naye, nikaliona pangaboi kwa macho yangu." Kesho asubuhi nitampa Muriel asaini wakati anatafuta miwani yake, nimwambie ni ya bima ya paka. Kweli siku ile ya ajali alikuwa mjini Lincoln harusini, mstari wa mbele, kofia ya zambarau, akipigwa picha na watu mia mbili. Lakini wachunguzi wa ajali hawaalikwi harusini.